Mjadala: Je, Kevin Cash alikosea kumtoa Blake Snell?

Wadau wa besiboli, hoja hii ya Cash, kocha wa Rays, kumtoa mrushaji wake Snell haijawahi kuisha tangu 2020, na kila msimu wa mtoano ukifika inafufuka. Naiweka mezani nikiwa na msimamo: kosa lilikuwepo, ila wengi tunalitafuta mahali pasipo.

Kwa asiyeijua mechi, ni tarehe 27 Oktoba 2020, mechi ya sita ya fainali ya ligi kuu ya besiboli Marekani, kati ya Dodgers na Rays, Arlington, Texas. Dodgers wanaongoza kwa mechi 3 dhidi ya 2, kwa hiyo Rays wakipoteza safari imeishia hapo. Randy Arozarena amewapa Rays pointi moja mapema kwa kuupiga mpira ukatoka uwanjani. Snell, mrushaji wa mkono wa kushoto, anatamba. Ameondoa wapigaji 9 kwa straiki tatu, hajampa hata mmoja besi ya bure, na amerusha mipira 73 tu. Betts, Seager na Turner, watatu wanaoanza kupiga upande wa Dodgers, wamekutana naye mara mbili kila mmoja, na mara zote sita wamerudi benchi kwa straiki tatu.

Awamu ya sita kati ya tisa, mpigaji mmoja wa Dodgers akiwa ameshatolewa, Austin Barnes anapiga na kufika besi ya kwanza. Ni pigo la pili tu waliloambulia Dodgers usiku ule. Kocha Cash anatoka benchi, anachukua mpira, anamwita Nick Anderson, mrushaji wa akiba. Snell hakuificha hasira yake. Kilichofuata kilikwenda haraka mno: Betts akapiga pigo la besi mbili, Anderson akarusha mpira kombo Barnes akaingia nyumbani, kisha Seager akapiga mpira wa chini na Betts akawahi kuingia. Ikawa 2-1, mwisho 3-1, na Dodgers wakabeba kombe lao la kwanza tangu 1988.

Wanaomtetea Cash wana hoja nzito, na siipuuzi. Mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu huwa amemzoea, na takwimu za miaka mingi zinathibitisha hilo. Betts ndiye alikuwa anaanza mzunguko huo wa tatu. Isitoshe, msimu mzima ule Snell hakuwahi kumaliza awamu sita. Na siku 10 tu nyuma, katika mechi ya saba ya nusu fainali dhidi ya Astros, Cash alimtoa mrushaji Charlie Morton akiwa na mipira 66 bila kuruhusu pointi, akamwingiza Anderson huyohuyo, na Rays wakashinda 4-2. Kuna na upande mwingine wa shilingi: mwaka 2003 Grady Little, kocha wa Red Sox, alimwacha uwanjani mrushaji wake Pedro Martínez aliyechoka, Yankees wakasawazisha, wakashinda, na Little akapoteza kazi.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kama tunafuata takwimu, tuzifuate zote. Anderson alikuwa moto msimu wa kawaida, lakini kabla ya kuingia pale alikuwa ameruhusu pointi katika mechi sita mfululizo za mtoano. Sita! Mkono ule ulikuwa umechoka, na kila mtu alikuwa anauona. Halafu Betts: mwaka ule alipiga wastani wa .323 (mapigo 32 hivi kwa kila majaribio 100) dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia, na .200 tu dhidi ya wa kushoto. Snell ni wa kushoto. Anderson ni wa kulia. Yaani Cash alimwondolea Betts mrushaji aliyekuwa anamtesa, akamletea aina ya mrushaji anayempenda.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kompyuta ndiyo iliwaua Rays, wala na wanaosema Cash alifuata hesabu tu. Alichukua hesabu moja, ile ya mzunguko wa tatu, akaziacha nyingine mbili zilizokuwa wazi mbele yake. Mimi ningemwacha Snell amalizane na Betts kwanza, kisha ndipo niite mtu, na mtu huyo asingekuwa Anderson.

Mnaomtetea Cash, naomba msinirudishe kwenye mzunguko wa tatu, huo nimeshaukubali. Nijibuni hili: kwa nini Anderson?