Leseni ya kisiwani: mtihani upunguzwe kwa kuwa barabara ni moja?

Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu.

Hoja hii huibuka kila wakazi wa visiwa vidogo wanapokaa pamoja, na leo nataka tuijadili hadharani. Kisiwa kina barabara kuu moja. Hakina taa za kuongozea magari, hakina kipalefti, hakina barabara ya njia nne. Sasa kwa nini mkazi wake afanyiwe mtihani wa udereva sawa na mtu wa jiji kubwa? Wanaotaka mtihani upunguzwe wanasema magari ni machache, mwendo ni mdogo na watu wanajuana. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Mpwa wangu alipata leseni kisiwani na siku hiyo nilikuwepo. Mtahini alimwita kwa jina la utani, akakaa kiti cha mbele bila kufunga mkanda, akamwambia, "Twende mpaka gatini, geuza, turudi." Baada ya dakika 12 walikuwa wamerudi. Kurudisha gari nyuma kwa kutumia vioo, hakuulizwa. Kuondoka mlimani gari lisiserereke, hakuulizwa, maana kilima chenyewe kiko upande wa pili na mtahini alikuwa anawahi boti. Kijana akashuka na leseni kamili mkononi.

Miezi mitatu baadaye alivuka bara na mama yake, ambaye ni dada yangu. Walipofika kwenye kipalefti, cha kwanza kijana kukiona maishani mwake, aliingia moja kwa moja bila kupisha. Lori lililokuwa tayari ndani ya mzunguko likampiga ubavuni, kwenye mlango wa nyuma alipokaa mama. Kijana alitoka mzima. Dada yangu alivunjika nyonga, na hadi leo anatembea na fimbo.

Kwa hiyo mtu akiniambia "mtihani wa kisiwani unatosha kwa kisiwa", namuuliza: leseni yenyewe inajua kwamba bahari imeishia hapa? Hakuna mstari juu yake unaosema haivuki.

La pili ni huo mwendo unaoitwa mdogo. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva wa kawaida huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona hatari na kupeleka mguu kwenye breki, na kwa muda huo ameshakwenda mita 21. Breki nazo, kwenye lami kavu, zinataka mita nyingine 14 hivi. Anayekwenda kilomita 35 kwa saa hutumia mita 21 hizohizo kwa kila kitu, kuona hatari hadi kusimama kabisa. Yaani pale ambapo wa 35 ameshasimama, wa 50 ndiyo kwanza anagusa breki. Barabara za visiwani ni nyembamba, zina kuta na vichaka kandokando, kona hufungua mita 20 au 25 tu za kuona mbele. Mtoto anatokea hapo. Mtahini aliyeniambia "hapa kila mtu anaenda polepole" hakuwahi kumuuliza mwanafunzi hata mmoja polepole ni ngapi.

Karibuni. Anayeona nimekosea aniambie nimekosea wapi.

Mkazi wa kisiwa cha nje

Mkuu, pole sana kwa dada. Lakini umeongea kama mtu ambaye mtahini anamfikia.

Kwetu mtahini huja mara mbili kwa mwaka, bahari ikiwa imetulia. Ikichafuka, anaahirisha hadi safari nyingine. Mkituambia mtihani kamili ni lazima ufanyike bara, mnatutaka tupande boti, tulale huko, tukodi gari ambalo hatujawahi kuliendesha, tukifeli turudi tena. Matokeo yake nayaona kila siku: watu wanaendesha bila leseni kabisa. Na asiye na leseni, ajali ikitokea, bima haimtambui, na aliyegongwa ndiye anayebaki na gharama za hospitali. Hilo ni baya kuliko mtihani mfupi.

Mataifa makubwa yenyewe yanajua kisiwa si bara. Uingereza, anayeishi na kuendesha pikipiki kwenye baadhi ya visiwa vya nje hadaiwi mafunzo ya awali ya lazima ambayo wenzake wa bara hawawezi kuyakwepa. Ireland nayo imesamehe ukaguzi wa magari yanayotumika tu kwenye visiwa visivyounganishwa kwa daraja wala barabara. Kwa nini sisi tuambiwe sheria ni moja kwa wote?

Pendekezo langu ni leseni ya kisiwa tu. Iandikwe wazi kwamba ng'ambo haitumiki. Anayetaka kuvuka na gari ndiye akafanye mtihani mkubwa.

Fundi wa magari

Hapo kwenye msamaha wa ukaguzi niacheni niseme, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Gari la kisiwani linaoza haraka kuliko la bara. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula chuma mahali ambapo mwenye gari haoni. Mwezi uliopita niliingia chini ya gari moja ambalo mwenyewe alikuja kubadilisha mafuta tu. Nilishika bomba la breki la nyuma kwa vidole viwili, halikuvunjika, ila liliacha unga wa kutu mkononi na tone la mafuta ya breki likanidondokea kwenye kifundo cha mkono. Gari hilo lilikuwa linapeleka watoto shule asubuhi ile. Mwenyewe akaniambia, "Lakini linasimama vizuri." Ndiyo, linasimama, hadi siku atakayokanyaga kwa nguvu zote.

Kwa hiyo msituletee msamaha wa ukaguzi kama mfano mwema. Na kwenye mtihani wa leseni ningependa mwanafunzi afunguliwe boneti aonyeshe chupa ya mafuta ya breki iko wapi, kipimo cha chini ni kipi, na yakipungua maana yake nini. Dakika tatu tu.

Mchangiaji mwingine

Bermuda ilipiga marufuku magari mwaka 1908 na haikuyaruhusu hadi 1946. Hadi leo kikomo cha mwendo ni kilomita 35 kwa saa kisiwa kizima, na nyumba moja hairuhusiwi zaidi ya gari moja la binafsi. Chukua safari ya kilomita 12: kwa 50 ni dakika 14 na kidogo, kwa 35 ni karibu 21. Tunabishania dakika sita. Punguzeni mwendo kwanza, mtihani utajipanga wenyewe.

Mkodishaji wa pikipiki

Mnawasema wakazi tu. Wanaoanguka kisiwani kwetu wengi ni wageni.

Mtu anashuka kwenye boti, ana kibali cha kimataifa cha udereva, anataka pikipiki. Sheria inaniruhusu nimpe. Lakini kibali hicho ni tafsiri tu ya leseni ya kwao. Hudumu mwaka 1 chini ya Mkataba wa Geneva wa usafiri wa barabarani wa 1949, au hadi miaka 3 chini ya ule wa Vienna wa 1968. Hakithibitishi kwamba mtu anajua pikipiki. Siku hizi nafungua ukurasa wa madaraja: kama muhuri uko kwenye B, daraja la magari, na A, la pikipiki, iko tupu, simpi hata akinibembeleza. Nimekosa wateja wengi, wakaenda kwa jirani. Jirani akawapa.

Mkimwekea mkazi mtihani mgumu halafu mgeni anapita bila swali, mtoto anayevuka barabara atakuwa amepata ulinzi gani?

Mwalimu wa udereva

Nimefundisha kisiwani na nimefundisha bara, kwa hiyo naingia hapa katikati.

Hatari ya kisiwa kidogo ni mazoea. Wa bara anaogopa makutano kwa sababu hajui nani atatokea. Wa kisiwani anajua. Anajua saa nne ile kona haina mtu, kwa hiyo anaikata. Anajua gari jeupe ni la mjomba, na mjomba atampisha. Wanafunzi wangu huacha kuwasha indiketa wiki ya pili kwa sababu, wananiambia, "Kila mtu anajua mimi nakunja hapa kwetu." Siku ambayo nyuma yake kuna mgeni asiyejua kwao ni wapi, ndiyo siku ya kugongwa.

Mtihani wa dakika 12 hauwezi kuyaona mazoea, kwa sababu mtahini naye anayo. Anapanda gari akijua huyu ni mtoto wa fulani. Mimi ningeanzia hapo: mtahini atoke nje ya kisiwa, na azungushwe, asiwe yuleyule mwaka hadi mwaka.

Cha pili, tufundishe kilichopo. Kisiwani kuna mambo ambayo mtihani wa jiji hauyagusi kabisa. Mchanga uliopeperushwa juu ya lami kwenye kona: unapunguza mwendo kabla ya kona, ukishaingia usikanyage breki. Barabara ya gari moja: nani anarudi nyuma mkikutana, na unarudije mita 40 kwa vioo bila kuingia mtaroni. Mifugo usiku. Na saa ya boti! Boti likifika, kwa nusu saa kisiwa kinageuka jiji. Magari yote yanatoka gatini kwa mkupuo, wageni wanatembea katikati ya barabara na mabegi, wenye pikipiki wanagombea abiria. Wanafunzi wangu wote nawapeleka pale saa hiyohiyo, mara tatu kabla sijawaruhusu kufanya mtihani. Kuna binti mmoja mara ya kwanza alizima gari mara nne, honi nyuma yake, akalia. Mara ya tatu alipita pale taratibu, dirisha wazi, anawaambia watu "nipisheni kidogo" kwa sauti ya kawaida. Siku hiyo nilijua ameiva.

Na kuhusu wageni, mkodishaji ana haki. Samoa ilipohamisha magari kutoka kulia kwenda kushoto, tarehe 7 Septemba 2009, serikali ilitangaza mapumziko ya siku 2, ikashusha kikomo cha mwendo na kuzuia kuuza pombe kwa siku 3, ili watu wazoee. Mgeni aliyekulia upande mwingine tunamhamisha upande ndani ya dakika mbili, hapo gatini, kwa kumkabidhi ufunguo. Angalau azungushwe kwanza uwanjani na anayemkodisha.

Mleta mada

Nimesoma yote mara mbili. Nianze na mkazi wa kisiwa cha nje, kwa sababu yeye ndiye aliyenigusa.

Umenisahihisha. Nilipoandika sikuwafikiria wanaokaa miezi sita wakimsubiri mtahini. Kumtaka mtu avuke bahari akafeli, avuke tena, ni kumfukuza kwenye leseni. Hapo nakubali: mtahini ndiye avuke, kwa ratiba inayojulikana, na boti likiahirishwa tarehe mpya itangazwe ndani ya wiki.

Leseni ya kisiwa tu, hata hivyo, bado siitaki kama leseni ya kudumu. Mtoto wa kisiwani akigongwa anavunjika vilevile kama wa bara. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo muuaji wa kwanza wa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Sioni kwa nini kijana wetu alindwe nusu kwa kuwa amezaliwa mahali penye barabara moja.

Ila naikubali kama hatua. New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa ngazi: ya kujifunzia, kisha yenye masharti, ambayo haikuruhusu kuendesha peke yako kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri wala kubeba abiria bila msimamizi, ndipo kamili. Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, ambako barabara nyingi nje ya miji hazina kikomo cha mwendo, dereva mpya hubandika herufi R mwaka mzima na haruhusiwi kuzidi maili 50 kwa saa, kama kilomita 80. Basi mwaka wa kwanza leseni yetu iwe ya hapa tu, kwa mtihani kamili wa hapa: kona, mchanga, barabara ya gari moja, saa ya boti, boneti wazi kama alivyosema fundi. Kisha siku moja ya bara, na mwalimu, kwenye kipalefti, taa na barabara ya njia nne, ndipo maneno "kisiwani tu" yafutwe. Mpwa wangu angeipata siku hiyo moja, dada yangu angekuwa anatembea mwenyewe. Hilo silisemi kwa ubishi. Nimelibeba miaka minne.

Aliyesema tupunguze mwendo kwanza, naunga mkono 35 kwenye maeneo ya makazi na shule. Lakini mwendo haukumfundisha mtu kupisha.

Mkazi wa kisiwa cha nje

Mwaka mmoja wa kisiwani halafu siku moja ya bara, hapo tunaweza kukaa mezani. Nimempigia kaka yangu, ana miaka 31, anaendesha tangu akiwa na 17, hana leseni. Amesema hiyo angeifanya.

Ila ratiba ya mtahini ije kwanza, ibandikwe gatini, tuione ikifuatwa safari tatu mfululizo. Mkianza na masharti kabla ya boti la mtahini, sisi tutabaki palepale. Na nauli yake atalipa nani? Hilo hamjalijibu.