Kupima uchakavu wa lami bila kuchimba: bimu ya Benkelman, FWD au rada?

MpimaTBR
Wakuu, nisaidieni kuchagua. Tuna kipande cha barabara magharibi mwa Tabora, lami nyepesi juu ya msingi wa changarawe iliyochanganywa na saruji. Kwa macho bado inapitika vizuri: nyufa hapa na pale, viraka vichache, na lami imeanza kubonyea kwenye njia ya matairi. Mwenye kazi hataki tuchimbe, maana shimo la kupimia likizibwa vibaya masika yakija maji yanaingilia humo. Bimu ya Benkelman tunayo, ule wenzo mrefu wa kupima lami inavyobonyea chini ya lori. FWD, mashine ya kudondosha uzito na kupima mbonyeo, itabidi iletwe kutoka Dar. Kuna mtu ana rada ya ardhini, na kijana mmoja anasema simu yake inatosha. Bajeti ni ya kuungaunga.

FundiSanifu77
Bimu, mkuu. Ni kifaa cha miaka ya 1950 kutoka Marekani na bado kinapiga kazi. Fuso la ekseli mbili unalipakia mpaka ekseli ya nyuma ifike tani 8.16 hivi, unalipitisha mzani, unakagua upepo. Ncha ya bimu unaipenyeza kati ya tairi mbili za nyuma, upande wa kwenye bega la barabara. Dereva anaondoka mdogomdogo, lami inapanda, unasoma saa ya kipimo iliyo kwenye bimu. Mkono wa mbele ni mrefu mara mbili ya ule wa nyuma, kwa hiyo unachosoma unakizidisha kwa mbili. Vijana wakisahau hapo, barabara mbovu inatoka nzima kwenye ripoti.
Halafu pakia mawe, usipakie mchanga. Mchanga ukinyeshewa unaongezeka uzito na hutajua.

DadaWaMaabara
Kaka FundiSanifu, yote sawa, ila umepita haraka kwenye neno saruji. Msingi wa saruji hauzami kwa kina, unazama kidogo na kwa upana. Miguu ya mbele ya bimu inajikuta imesimama ndani ya eneo lililozama, nayo inashuka, na usomaji unatoka mdogo kuliko hali halisi. Kwenye barabara ya aina hii bimu inafaa kulinganisha sehemu moja na nyingine. Isikupe namba ya kusanifia.
FWD inadondosha uzito juu ya sahani ya milimita 300, kawaida nguvu ya kilonewtoni 40 au 50, kishindo cha sehemu ndogo tu ya sekunde, kama tairi la lori linapopita kwa mwendo. Vihisio vimepangwa mstari mmoja kuanzia katikati ya sahani kwenda nje, kwa hiyo unapata umbo zima la mbonyeo. Tofauti ya kihisio cha katikati na cha milimita 300 inakueleza habari za msingi. Vile vya mbali vinakueleza udongo wa chini. Kwa huko kwenu kwenye mbuga, hilo ndilo swali lenyewe: kama kinacholegea ni udongo mweusi, kumwaga lami mpya juu yake ni kutupa hela.

MpimaTBR
Dada, shukrani. Lakini nasikia FWD nayo inadai unene wa kila tabaka ndipo hesabu zitoke. Nikitumia michoro ya mkandarasi?

DadaWaMaabara
Ukitumia michoro na mkandarasi alipunja sentimita chache, kompyuta itakupa ugumu wa tabaka ambalo halipo. Hapo ndipo rada ina kazi.

KijanaWaUjiji
Rada nimeiona ikifungwa kwenye pikapu, inasoma unene gari likitembea, haisimamishi mtu. Shida yake ni maji. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unameza mawimbi. Na vipimo vya kubonyea vinatakiwa mwisho wa masika, barabara ikiwa dhaifu kabisa. Kwa hiyo rada kiangazi, FWD masika. Safari mbili, posho mbili.
Kuhusu simu: inapima mtikisiko, na mtikisiko unategemea springi za gari. Kama ni uparuzo wa juu tu, bora MERLIN, kile kigari cha gurudumu moja, usomaji 200 kwa kila kipande, fundi wa kuchomelea anakitengeneza. Ila vyote viwili havijui kitu kuhusu nguvu ya barabara. Barabara laini inaweza kuwa imebakiza msimu mmoja.

Mzee wa Semi
Mimi si mhandisi, ni dereva, naomba kuuliza. Tunakwenda Kigoma tumejaza, kurudi wengi tupu. Mbona wapimaji nawaona upande mmoja tu wa barabara?

FundiSanifu77
Mzee wangu, swali zito hilo. Uharibifu unakwenda takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 13, madhara yanakaribia mara tatu. Upande wa kwenda na wa kurudi ni kama barabara mbili. Mpima, pima zote, na linganisha: udongo ni uleule, mvua ileile, kinachotofautiana ni malori.

Msafiri_Kaliua
Hamjaitaja DCP, ile fimbo ya chuma inayogongwa kwenda chini kupima ugumu wa tabaka. Nyundo ya kilo 8, tundu la milimita 20 tu, unaziba mara moja.

DadaWaMaabara
Kwenye msingi wa saruji itagoma, utagonga mpaka jioni. Ikipenya kirahisi, basi umeshapata jibu bila FWD: saruji imekufa.

MpimaTBR
Nimeelewa, wakuu. Bimu pande zote mbili mvua zikikaribia kuisha, nichuje sehemu dhaifu. FWD iende kwenye hizo tu, pamoja na kipande kizima kimoja cha kulinganishia. Rada nitamwita kiangazi, hesabu zisubiri unene. Simu ya kijana nimemwambia apige picha za nyufa.
Kama kuna mwenye FWD inayopanda Kigoma mwezi wa nne, ani-PM tugawane gharama ya kuivuta. Njia ni hiihii.