Tupeane uzoefu: uliyerudia Adili na Nduguze ukubwani, ulikuta nini?

Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kusoma upya Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kile cha mwaka 1952, na bado sijatulia. Utotoni nilikipenda kwa ajili ya mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na kwa ajili ya Huria, jini aliyewageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani. Nilipofika pale Adili anapowaendea usiku na kiboko nilifurahi kabisa. Si ndio hao ndugu waliomtosa baharini? Wachapwe!

Safari hii macho yangu yalikuwa kwa anayechapa. Adili ni liwali, mtu anayesifiwa kwa wema, na kila usiku inambidi awapige ndugu zake wa damu kwa amri ya jini. Akiacha, adhabu itamgeukia yeye. Akimaliza kupiga analia nao, anawabembeleza, anawalisha. Moyoni alikwisha kuwasamehe zamani, lakini mkono si wake. Mimi sasa ni mkubwa wa nyumba, nimekalia vikao vya kuwahukumu wadogo zangu huku nikitamani yaishe tu. Pale ilibidi nikifunge kitabu kwanza.

Nawe uliyekirudia, au uliyerudia kingine cha namna hiyo, tuambie.

Mdau wa Tanga:
Shikamoo mkuu. Mimi kilichonikamata ni mirathi. Utotoni nilizipita kurasa zile mbio nikimtafuta jini yuko wapi. Nimezisoma tena baada ya kumzika mzee wetu na kukaa mkekani kugawana nyumba na minazi. Hasidi na Mwivu walipata mafungu yao, wakayapoteza, wakarudi mikono mitupu, na Adili akawagawia tena katika chake. Nadhani chuki ilikomaa hapo. Kupewa mara ya pili na mdogo wako kunauma kuliko kunyimwa. Hili nimeliona kwa macho yangu na sitaki kulieleza zaidi.

Mwalimu, Morogoro:
Naomba nitofautiane kidogo, wadau. Nilimsomea binti yangu kabla ya kulala. Kwenye mji wa mawe alinikamata mkono asitake niache. Lakini mwandishi akianza nasaha, mtoto anasinzia, na mimi mwenyewe nilitamani kuruka. Yapo mafungu ambayo hadithi inasimama kabisa ili tufundishwe jambo ambalo tumekwisha kulielewa. Kiswahili chake hakina mpinzani, nakiri, na nilikuwa nikirudia sentensi kwa sauti kwa utamu wake tu. Ila Hasidi ningependa kumjua kabla husuda haijamwingia. Kitabu hakinipi nafasi hiyo.

Msomaji, Mombasa:
Bibi yangu alikuwa akitusimulia Alfu Lela U Lela, kwa hiyo Adili niliposoma nilihisi nimeshakutana naye, na kweli kisa kimechotwa humo. Mimi nilichorudia ni Kusadikika, cha Shaaban Robert huyohuyo, cha 1951. Nchi inayoelea angani! Nilipokuwa mdogo nilisoma safari za wajumbe tu, nikaruka baraza la mfalme kwa kuwa halikuwa na ajabu yoyote. Sasa baraza ndilo linaloninyima usingizi. Karama ameshitakiwa kwa sababu anafundisha watu sheria, na utetezi wake ni kueleza yaliyowapata wajumbe: kila mmoja alitumwa, akahangaika, akarudi na habari za kuijenga nchi, akatiwa gerezani. Aliyeandika hayo alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika serikali ya kikoloni, na Tanganyika ilikuwa bado miaka kumi kuufikia uhuru. Aliposema angani, wakubwa wake walidhani ni angani kweli? Nami niko ofisini, nimeshaona taarifa nzuri ikimponza aliyeileta.

Mwanzisha mada:
Marahaba wa Tanga, na pole sana kwa msiba. Mwalimu, kuhusu nasaha sikupingi, ingawa nyingine zilinishika. Wa Mombasa, umenisukuma: kesho naanza Kufikirika, nacho ni cha Shaaban Robert. Utotoni kilinishinda, nakumbuka tu mfalme asiye na mtoto na waganga wakipishana mlangoni. Aliyekisoma ukubwani aniambie, niendelee na waganga kwa subira, au uhondo uko mbele zaidi?