MREJESHO: Kuufanya mkoba mpya wa ngozi uonekane mkuukuu
Wakuu, niliomba ushauri wa kuchakaza mkoba mpya wa ngozi kwa ajili ya mchezo wetu wa jukwaani, wa mwalimu wa miaka ya 1950. Umekubali!

Siri kubwa ni kuondoa kwanza ule mng'aro wa kiwandani. Nilisugua taratibu kwa kitambaa cheupe chenye spiriti, madirisha yakiwa wazi, mpaka kitambaa kikashika rangi ya kahawia na ngozi ikafifia. Ukiruka hatua hii, chochote utakachopaka kitakaa juu juu tu.

Kisha msasa namba 220, ila si kila mahali. Angalia mkoba wa mzee yeyote: huchakaa kwenye kona, ukingo wa kifuniko, matundu ya mkanda na pale mkono unaposhika, tumbo likabaki zima. Ukipiga msasa mkoba wote unaonekana umeparuzwa, haufanani na uliotumika. Baada ya hapo nikaukunjakunja, nikapaka kiwi nyeusi kwenye mikunjo na kuifuta papo hapo. Ilibaki ndani ya mistari, ikatoa sura ya uzee hasa.

Aliyesema niuanike juani alinisaidia mno. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama miwati, huiva rangi juani. Iliyotengenezwa kwa kemikali za kromu haibadiliki hivyo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua.

Spiriti hukausha ngozi, basi malizieni na mafuta ya ngozi kidogo isije ikapasuka. Asanteni sana, mkurugenzi wetu ameupenda.