Mshahara mdogo wa mwaka wa kwanza katika shirika la ndege za mizigo: je, nikubali?

Pangaboi42 (muulizaji)

Ndugu marubani, naomba ushauri wenu. Mimi ni kapteni wa ndege za abiria za pangaboi, nina saa 4,200 za kuruka, na nimepewa nafasi ya urubani msaidizi katika shirika la mizigo linalorusha ndege kubwa za masafa marefu. Mwaka wa kwanza nitalipwa takriban theluthi mbili ya ninachopata sasa, mwaka wa pili nitakaribia kulingana, na kuanzia wa tano jedwali lao la mishahara linapanda kwa kasi. Nina watoto wawili, na mkopo wa masomo ya urubani bado haujaisha. Mke wangu ananiuliza kwa nini mtu aache kiti cha ukapteni ili akalipwe kidogo, nami sijapata jibu la kumridhisha.

MizigoUsiku

Kapteni, ukongwe katika kazi yetu hauhamishiki: hata mwenye miaka ishirini ya ukapteni, akihamia shirika lenye orodha ya ukongwe, anaanzia mkiani, na nafasi yake katika orodha hiyo ndiyo itakayoamua ndege atakayorusha, kituo chake, likizo zake na siku atakayopanda ukapteni. Kwa hiyo ukisubiri mwaka mmoja kwa kuogopa mshahara wa kuanzia, mshahara huo hutaukwepa, kwani utaukuta palepale mwakani. Utakachopoteza ni mwaka wa mwisho, ambao ndio mnono kuliko yote, kwa sababu kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinaweka ukomo wa miaka 65 kwa marubani wa safari za kibiashara za kimataifa. Mweleze shemeji hivyo.

Jambo la pili, usisome kiwango cha malipo kwa saa peke yake. Uliza umehakikishiwa saa ngapi kwa mwezi hata usiporuka, posho ya safari inahesabiwaje, na wakati wa mafunzo unalipwa mshahara kamili au posho tu, maana wengi hubanwa zaidi katika miezi hiyo ya darasani na kwenye kiigizi (mashine ya kufanyia mazoezi ya kuruka) kuliko baada ya kuanza kuruka.

Kipanga_wa_Zamani

Naafiki hesabu hiyo, ila inadhani kwamba shirika litakuwepo. Mimi niliingia katika kampuni iliyokodisha ndege pamoja na marubani, matengenezo na bima kwa wateja wachache wakubwa. Mteja mmoja alipoondoka, tuliokuwa chini ya orodha tukawa wa kwanza kusimamishwa, na jedwali zuri la mwaka wa tano likabaki kwenye karatasi. Baya zaidi, nilikuwa nimesaini kurudisha gharama za mafunzo iwapo ningeondoka kabla ya miaka miwili, na ofisi ikataka kunikata kana kwamba nimeacha kazi kwa hiari. Kabla ya kusaini, soma kifungu hicho kinasema nini ukipunguzwa, na uulize mkataba wa hali bora kati ya chama cha marubani na mwajiri unaisha lini. Kama hakuna chama wala mkataba wa namna hiyo, jedwali wanaweza kulibadilisha watakapo.

Rada_Kimya

Naongeza kuhusu usingizi. Mwenye mshahara mdogo huanza kubana matumizi kwa kuishi mbali na kituo, au kutafuta kibarua cha pili katika siku za mapumziko. Katika ajali ya Colgan Air 3407 karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50, ilibainika kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle hadi kituo chake cha Newark kabla ya zamu, na kipato chake kidogo kikazungumzwa sana wakati wa uchunguzi. Ile ilikuwa ndege ya abiria. Sisi wa mizigo huruka zaidi usiku, na Marekani ilipoanza kutumia kanuni mpya za mapumziko ya marubani mwaka 2014, mashirika ya mizigo hayakulazimishwa kuzifuata. Kama pengo la mwaka wa kwanza huwezi kuliziba kwa akiba, usifikirie kuliziba kwa kibarua. Afadhali uombe mkopeshaji apunguze marejesho kwa miezi kumi na miwili.

Pangaboi42 (muulizaji)

Nashukuru sana. Hoja ya mwaka wa mwisho imemfikia mke wangu, ingawa anataka akiba ya miezi sita iwepo kwanza, na tunayo ya minne. Nitaomba kifungu cha gharama za mafunzo kwa maandishi. Swali dogo: tukiingia darasa moja siku moja, nani anatangulia kwenye orodha?

MizigoUsiku

Mashirika mengi hupanga kwa umri, mkubwa mbele. Mengine hupiga kura. Liulize hilo pia, kwa sababu nafasi tatu tu zinaweza kukuchelewesha kupanda ukapteni.