Tupeane uzoefu: kampuni ya majumba ya sinema ikinunuliwa na mpinzani wake mkubwa, nini hubadilika na nini hukwama

Mleta mada

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoijua kazi ya majumba ya sinema kwa ndani: tiketi, projekta, mahesabu, sheria, pango. Kampuni moja ikiimeza nyingine, habari huishia kwenye bei ya hisa, na kazi yenyewe haiandikwi. Tutumie mfano wa kampuni ya majumba ya sinema AMC kuinunua mpinzani wake Carmike huko Marekani, kwa sababu nyaraka zake ziko wazi. Ilitangazwa Machi 2016, ikakamilika 21 Desemba 2016. Carmike, yenye makao yake Columbus, Georgia, ilikuwa na majumba zaidi ya 270, mengi katika miji midogo. Leteni hatua, kiasi, na kinachoharibika. Habari za "nasikia" tuziache nje.

Wakili

Nianze na kibali cha serikali, kinacholinda ushindani. Watu wengi huanza kwa kuangalia asilimia ya soko la nchi nzima, na hapo ndipo wanapopotea. Mtu anayetaka filamu Ijumaa jioni hasafiri majimbo mawili. Anachagua kati ya majumba yaliyo karibu naye. Kwa hiyo Wizara ya Sheria ya Marekani hupima soko mji kwa mji, wakati mwingine kitongoji kwa kitongoji.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Chukua asilimia ya mapato ya tiketi ya kila kampuni katika eneo hilo, zidisha kila asilimia kwa yenyewe, kisha jumlisha. Mji wenye kampuni tatu za 40, 35 na 25 unapata 1,600 + 1,225 + 625, jumla 3,450. Ya pili ikiinunua ya tatu, zinabaki 40 na 60, jumla 5,200. Ongezeko ni 1,750. Kwa mwongozo uliotumika 2016, soko likizidi 2,500 na ongezeko likapita 200, muungano ulichukuliwa kuwa na madhara mpaka wahusika waoneshe vinginevyo. Mwongozo wa 2023 umeshusha viwango hivyo hadi 1,800 na 100. Ndiyo maana AMC ililazimika kuuza majumba katika masoko 15 ya maeneo mbalimbali kabla ya kuruhusiwa.

Kuhusu muda: ukishawasilisha taarifa ya muungano, unasubiri siku 30. Wakaguzi wakiomba nyaraka za ziada, saa inasimama, na siku 30 nyingine zinaanza pale pande zote mbili zinapokuwa zimeshawasilisha walichoombwa. Kukusanya nyaraka hizo peke yake ni kazi ya miezi. Carmike ilichukua kuanzia Machi hadi Desemba, na anayepanga bajeti yake kwa siku 30 ataumia.

Na hili lisisitizwe kwa mameneja: hadi siku ya kukamilisha, hizi ni kampuni mbili zinazoshindana. Kupigiana simu kuulizana bei ya tiketi ya wiki ijayo ni kosa la kisheria hata kama mkataba umeshasainiwa. Takwimu nyeti hupitia kwa timu ndogo ya watu wasiopanga bei wala filamu, mara nyingi washauri wa nje.

Fundi Projekta

Mkuu Wakili kamaliza mlango wa mbele, nami niingie chumba cha projekta, maana huko ndiko skrini huwa nyeusi.

Filamu ya kidijitali huja ikiwa imefungwa kwa msimbo. Ili ifunguke unahitaji KDM, faili dogo lenye ufunguo, na ufunguo huo umetengenezwa kwa ajili ya seva moja tu, yaani kompyuta inayochezesha filamu ukumbini, kulingana na cheti (kitambulisho cha kidijitali) cha kifaa kilichomo ndani yake. Una saa ya kuanza na saa ya kuisha. Namba iliyobandikwa mlangoni haihusiki kabisa. Sasa mnunuzi anakuja na utaratibu wake, anataka skrini zihesabiwe upya kuanzia kushoto. Ratiba inabadilika, filamu inapangiwa ukumbi ambao seva yake haina ufunguo, na watazamaji wanakaa mbele ya kitambaa cheupe.

Tatizo la pili ni barua pepe. Kila msambazaji ana kumbukumbu ya jumba: jina, idadi ya skrini, namba za seva, na anwani ya barua pepe ambako funguo hutumwa. Jina likibadilika, kuna karani atakayeliandikisha kama jumba jipya, orodha ya vifaa ikabaki tupu. Au watu wa kompyuta wanafunga anwani za kampuni ya zamani usiku wa makabidhiano, na funguo zinaendelea kwenda huko huko. Msifunge anwani za zamani; zielekezeni kwenye mpya kwa miezi kadhaa. Tumeni orodha ya seva kwa wasambazaji mapema, skrini kwa skrini, pamoja na vyeti vyake. Kisha kabla ya siku ya filamu kuanza, pitieni kila ukumbi: filamu imeshapakiwa? Ufunguo upo? Saa zake za kuanza na kuisha zinaikubali ratiba yote, pamoja na onesho la usiku wa manane?

Tena kuna saa ya ndani ya kifaa. Kwa viwango vya sinema ya kidijitali, saa hiyo hairuhusiwi kurekebishwa zaidi ya dakika 6 kwa mwaka. Seva iliyoachwa ikateleza haiwezi kusawazishwa na mfumo mpya kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ikaguliwe mapema, si siku ya makabidhiano. Kifaa kikibadilishwa, cheti kimebadilika na funguo zote za zamani hazifai tena. Ombeni mpya siku hiyo hiyo, msisubiri onesho likwame.

Mpanga Filamu

Naongezea. Wiki ya filamu Marekani huanza Ijumaa na kuisha Alhamisi, na msambazaji hulipwa asilimia ya tiketi za wiki hiyo, kwa masharti ya kila filamu. Makabidhiano mepesi ni ya Alhamisi usiku baada ya onesho la mwisho. Sasa angalieni 21 Desemba 2016: ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya Krismasi, msimu ambao kumbi hujaa. Tarehe huchaguliwa na kibali na mabenki, hakuna anayemuuliza mpanga filamu. Dawa yake ni kufunga hesabu ya mauzo usiku huo na kumpa kila msambazaji ripoti mbili za wiki moja, ya mmiliki wa zamani na ya mpya, jumla zikioana na wiki nzima. Msiunganishe ripoti kwa mkono. Malipo yakibishaniwa, mtu atataka kuona tiketi kwa tiketi.

Mhasibu

Tiketi zilizouzwa kabla kwa onesho la baada ya makabidhiano ni deni, si mapato. Kadi za zawadi vivyo hivyo. Ununuzi ukiwa wa hisa au muungano, kama wa Carmike, deni linabaki ndani ya kampuni na mnunuzi analirithi. Ukiwa wa kununua mali tu, jumba hili na lile, deni la kadi halihami mpaka mkataba useme hivyo. Hapa wateja huumia zaidi kwenye majumba yanayouzwa kwa mtu wa tatu kwa amri ya serikali: jengo ni lile lile, keshia ni yule yule, kadi haisomi. Ukiwa na kadi, itumie kabla ya tarehe ya kukamilisha.

Stoo nayo. Bisi na soda hudhibitiwa kwa kuhesabu vyombo: vilivyokuwepo, jumlisha vilivyoingia, toa vilivyobaki, jibu lilingane na mauzo ya kaunta. Meneja mwenye bidii akitupa vikombe vya nembo ya zamani kabla ya kuhesabu, upungufu unaoonekana ni sawasawa na wizi, na lawama inamwangukia keshia asiye na hatia. Hesabuni kwanza, pande zote zisaini, ndipo mtupe.

Mleta mada

Wafanyakazi je? Sheria ya Marekani ya notisi ya siku 60 kabla ya kupunguza watu inawalinda?

Wakili

Ofisi kuu, mara nyingi ndiyo. Majumba, mara nyingi hapana, na hilo linauma. Sheria ya shirikisho inamhusu mwajiri wa watu 100 au zaidi, na kufunga kituo kunakowaondoa angalau 50 mahali pamoja. Katika kuhesabu, wafanyakazi wa muda mfupi, wenye wastani wa chini ya saa 20 kwa wiki, hawaingii. Jumba la sinema lina wengi wa aina hiyo, kwa hiyo halifiki 50. Muuzaji anawajibika kwa notisi hadi siku ya mauzo yenyewe, baada ya hapo ni mnunuzi. Baadhi ya majimbo yana sheria kali zaidi. Soma ya jimbo lako kwanza.

Pango

Hakuna aliyegusa mikataba ya pango, nayo ndiyo mali yenyewe, kwa sababu majengo mengi ni ya kupanga. Tafuteni kifungu cha mabadiliko ya umiliki. Baadhi ya mikataba humpa mwenye jengo haki ya kukataa hata kampuni inapouzwa kwa hisa. Mingine inahusu uhamisho wa moja kwa moja tu. Kisha kifungu kinachomzuia mpangaji kufungua jumba jingine ndani ya umbali fulani. Mnunuzi mwenye jumba lake karibu hujikuta amekivunja siku ya kwanza bila kuhamisha tofali. Pateni pia barua ya mwenye jengo inayothibitisha kodi iliyolipwa, amana, na kwamba hakuna mgogoro. Bila barua hiyo, malimbikizo ya zamani huibuka baadaye na jina lako juu yake.

Hisa

Kwa wanahisa, kwa kifupi. Ofa ya kwanza kwa Carmike ilikuwa dola 30 taslimu kwa hisa. Baadhi ya wanahisa walipinga hadharani, na Julai 2016 ikapandishwa: chagua dola 33.06 taslimu au hisa 1.0819 za AMC, lakini kwa jumla asilimia 70 iwe fedha na 30 iwe hisa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo wengi huyaruka. Mwenye hisa 100 akichagua fedha zote, na kila mtu akachagua vivyo hivyo, anapata dola 2,314.20 kwa hisa 70, na zile 30 zinageuka hisa 32.457 za AMC, ile sehemu isiyofika hisa moja ikilipwa taslimu. Usipange matumizi ya dola 3,306 kabla ya kuona hesabu ya mgawanyo.

Matangazo

Kuna soko la pili ambalo mtazamaji halioni: matangazo kabla ya filamu. AMC ilikuwa mmoja wa wamiliki wa National CineMedia, kampuni ya matangazo hayo, na Carmike ilikuwa ikionesha matangazo ya Screenvision, mpinzani wa National CineMedia. Bila masharti, Screenvision ingedhoofika na watangazaji wangebaki na mlango mmoja. Kwa hiyo AMC iliamriwa kupunguza umiliki wake katika National CineMedia hadi chini ya asilimia 5 na kuhamishia majumba 24 kwenye mtandao wa Screenvision. Kwa fundi, maana yake ni seva nyingine ya matangazo na orodha mpya za maonesho.

Wakili

Na mpango ukivunjika njiani? Someni kisa cha Cineworld ya Uingereza na Cineplex ya Kanada, zote za majumba ya sinema. Desemba 2019 walikubaliana Cineworld iinunue Cineplex, dola 34 za Kanada kwa hisa. Korona ikafunga kumbi, na Juni 2020 Cineworld ikajitoa ikidai Cineplex haikuendesha biashara kwa namna ya kawaida, kwa mfano kuchelewesha malipo kwa wadai wake. Desemba 2021 mahakama ya Ontario ikaipa Cineplex fidia ya dola bilioni 1.24 za Kanada. Septemba 2022 Cineworld ikaomba ulinzi wa mufilisi Marekani, na Cineplex ikawa mdai asiye na dhamana. Anayeuza aandike kwenye mkataba, tangu mwanzo, nini anaruhusiwa kufanya kumbi zikifungwa kwa amri ya serikali, na nani anamdhamini mnunuzi.

Fundi Projekta

Mkuu Pango, kwa majumba yanayouzwa kwa mtu wa tatu ongeza kipengele kimoja: projekta na seva zibaki mahali zilipo, zikitajwa kwa namba zake katika kiambatisho. Kifaa cha kufungulia filamu kimeoanishwa na projekta yake. Ukikitoa na kukipeleka jumba jingine, lazima kioanishwe upya na fundi aliye chumbani, kwa mkono, haiwezekani kwa mbali. Mji usio na fundi wa karibu unaweza kupoteza wikendi nzima kwa seva moja iliyong'olewa kimakosa.