Leopard 2 ya 1:35: A7V mpya ya Tamiya au A6 ya Rye Field yenye vyumba vya ndani?

Chuma_Kavu
Wakuu, habari zenu. Mwaka huu nina hela ya boksi moja tu la kifaru cha plastiki cha kuunda mwenyewe, skeli ya 1:35 (kidogo mara 35 kuliko halisi), na nataka Leopard 2, kifaru cha Kijerumani ambacho matoleo yake huitwa A5, A6, A7V na kadhalika. Nazitazama tatu, za kampuni za Tamiya na Rye Field: A7V ya Tamiya iliyotoka 2024, A6 ya Rye Field yenye vyumba vya ndani vyote, na A6 ya Tamiya ya zamani ambayo kwa bei ndiyo inanifaa zaidi. Nimeshaunda vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia, cha kisasa bado. Nichukue ipi?

MsasaLaini
Kabla ya kampuni, tuambie unataka kifaru cha jeshi gani na mwaka gani. A6 na A7V zote zina mzinga mrefu wa milimita 120, lakini A7V imeongezewa bamba la chuma mbele ya bodi, jenereta ndogo ya kutoa umeme injini ikiwa imezimwa, kipoza hewa kwa ajili ya wanajeshi, na kamera za dereva mbele na nyuma. Ukishanunua A7V, kuirudisha iwe A6 ni kazi ya kukata na kuziba mpaka uchoke.

Chuma_Kavu
Nataka zile Ujerumani ilizopeleka Ukraine 2023.

MsasaLaini
Basi A7V itoe. Zilizokwenda kutoka Ujerumani ni A6, vifaru 18. Boksi jipya ni zuri, ila utakuwa umenunua kifaru kingine. Na tafuta picha ya gari lenyewe kabla ya kushika gundi, maana vingine baadaye vilibandikwa vitofali vya Kontakt-1 (kinga ya baruti ya Kisovieti inayolipuka ikipigwa) kwenye mnara, na hivyo huvipati kwenye boksi la A6 ya kawaida.

BwanaGundi
Mimi nitaitetea A6 ya Tamiya. Ina umri wa zaidi ya miaka 20 lakini vipande vinakaa bila kubembelezwa, na wikendi mbili tatu kifaru kimesimama. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, juu ya bodi na mnara ni laini tupu, wakati kifaru halisi kina rangi ya chengachenga ili askari wasiteleze. Hilo linatibika: ziba sehemu zisizohusika kwa utepe, paka primaya (rangi ya kwanza ya kutangulia) nzito, kisha igongegonge kwa brashi ngumu ikiwa bado mbichi. Usimwage mchanga wa ufukweni, kwa skeli hii utaonekana kama kokoto. Kasoro ya pili ni minyororo inayozunguka magurudumu, ambayo kwenye boksi hili ni mkanda mmoja laini. Sisi wa Pwani joto letu unalijua. Mkanda wa namna hiyo ukigusana na plastiki miaka na miaka unaweza kuilainisha, kwa hiyo paka magurudumu rangi vizuri kabla ya kuuvalisha.

Kifaru_Ughaibuni
Niko Ujerumani, na ukienda jumba la makumbusho la vifaru kule Munster ukasimama karibu na Leopard 2, kitu cha kwanza kinachokukamata macho ni zile chengachenga za rangi. Sikubaliani kwamba ni kasoro ndogo. Kuhusu minyororo, kwenye Leopard sketi za pembeni, yaani mabamba ya ubavuni, zinafunika sehemu yote ya juu. Unachoona ni mbele, nyuma na chini. Kwa hiyo mkanda hausumbui sana kama kwenye vifaru vya zamani.

Chuma_Kavu
Na Rye Field? Vile vyumba vya ndani vinanitamanisha, sitadanganya.

Kifaru_Ughaibuni
Utapata injini, viti, na akiba ya risasi: 15 nyuma ya mnara na 27 mbele pembeni ya dereva. Ukishafunga mnara, vyote vinapotea. Labda uache vifuniko wazi au usigundishe mnara uwe unaunyanyua wageni wakija. Mimi naona ni kama kupamba ndani ya kabati usilofungua. Halafu minyororo ni ya kuunganisha kiungo kwa kiungo, 82 kila upande, kila kimoja kina vipande vyake. Andaa redio na chai.

MsasaLaini
Rye Field wanayo pia A6 ile ile isiyo na vyumba vya ndani, na bei iko chini. Kampuni ya Border nao wana boksi la A5 na A6 kwa pamoja, unachagua mwenyewe mzinga mfupi au mrefu. Kwa anayetaka sura ya nje sahihi bila kuunda injini, ningeanzia hapo.

BwanaGundi
Na bei ya kusafirisha je? Boksi lenye vyumba vya ndani ni zito. Rangi nazo usiagize kwa ndege, posta nyingi hazipokei vimiminika vinavyoshika moto. Tafuta anayekuja, au dukani mjini.

Chuma_Kavu
Rangi zenyewe ni zipi?

BwanaGundi
Za Tamiya, kwa namba za chupa, ni XF-67 kijani, XF-68 kahawia na XF-69 nyeusi, zote za NATO. Hiyo nyeusi usiibadilishe na nyeusi ya kawaida, ya NATO imepauka kidogo. Na siku ya mvua usipulize rangi za laka, unyevu unaziachia ukungu mweupe.

Chuma_Kavu
Nimeelewa. Nasaka Rye Field isiyo na vyumba, ikikosekana Border. Mwenye boksi la Border anitupie picha za fremu zinazoshika vipande vya minyororo tafadhali.